Hati ya Maji Machafu

Jumanne, saa kumi na dakika saba alasiri, nilipanda meli ya mafuta ya Nahodha Bakathir bandarini Mtwara, kofia ngumu ikiniziba macho. Dizeli ambayo kampuni yetu ilipokea kutoka kwake ilipungua lita elfu thelathini, nami, mkaguzi wao, nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Nilipima tangi la mwisho mara nne, maana hata mlango wa nyumbani huukagua mara nne.

"Kuna kitu humu, Kapteni," nilisema huku sauti ikitetemeka, wala haikuwa maigizo.

"Maji machafu, binti. Chuoni hawakukufundisha? Tia sahihi kwamba mafuta yote yamekwisha kushushwa."

"Nitatia. Ila bosi wangu mkali. Niandikie basi kwamba ni maji machafu, nimwonyeshe."

Alicheka, akaandika, akapiga muhuri wa meli. "Haya, bibi mwoga, kalale."

Sikulala. Asubuhi nilirudi na hati yake, tishari la kukusanya uchafu wa meli, na afisa wa bandari asiyeruhusu meli yoyote kuondoka na maji machafu. Nilimwamkia Nahodha kwa adabu, nikaunganisha mpira kwenye tangi lake, nikanyonya dizeli yetu yote.