Kitanda cha Mninga na Kapera wa Televisheni

Aliyeshika rimoti aizime hiyo televisheni. Vichekesho vya leo nawaletea mimi, na vya kwangu vina meno. Nikimaliza mtanipa hukumu, na asiye na hukumu asiniombe hadithi tena.

Hapa Tanga walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwantumu alijaliwa kumbukumbu. Neno likiingia sikioni mwake halitoki, na baada ya miaka kumi atakurudishia kama ulivyolisema, pamoja na kikohozi chako. Sefu alijaliwa kuiga. Akikuona unavuka barabara mara moja tu, kesho atavuka kama wewe hadi mama yako amwite kwa jina lako. Mashavu, mwanamke asiye na mume, yeye alijaliwa kicheko. Akianza kucheka, ukumbi mzima unamfuata, na akinyamaza, kila mtu anaona haya kuendelea peke yake.

Wa nne hakuwa na kipaji chochote cha maneno. Huyo ni Mbwana, seremala, kaka yake Mwantumu. Mikono yake ilijua kusema kuliko mdomo. Kwenye chumba cha nyuma ya karakana alikuwa na kitanda cha mninga alichokichonga kwa miaka saba, na ubao wa kichwani kautia maua ya asumini, ua moja moja. Kilikuwa kitanda cha harusi yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba harusi haikuja. Alipeleka barua ya posa mara mbili, na mara mbili ikarudishwa.

Mshenga wake alikuwa Hemedi Nguzo, rafiki yake wa tangu utotoni. Mshenga mnaijua kazi yake: anabeba maneno yako kwenda kwa watu, na yaliyokataliwa anayafukia, hayatoki tena. Hemedi hakuyafukia. Hemedi alikuwa mwandishi wa michezo ya televisheni, na maneno ya Mbwana aliyapeleka kituoni.

Ukaanza mchezo unaitwa Kapera Sugu, kila Ijumaa jioni. Mnaijua michezo ya namna hiyo. Mwanamume akitafuta mchumba lazima awe zuzu. Kapera anamwagia wakwe soda. Kapera anajifuta jasho kwa msasa akidhani ni leso. Kapera anarudishiwa posa, anakwenda kukaa ukingoni mwa kitanda alichokichonga mwenyewe, anakiambia kile kitanda, "Wewe utalala upande wa ukutani, maana mimi naamka alfajiri, sitaki kukusumbua." Watu hoi! Na kicheko kilichotangulia vicheko vyote kilikuwa cha Mashavu, aliyeajiriwa kukaa ukumbini wakati wa kurekodi ili wengine wamfuate.

Mbwana alikuwa anakisikia kupitia kuta za majirani. Wateja waliokwisha kukiona kitanda chake walianza kumwita Bwana Kitanda, mtu anakuja kuagiza kabati huku ameibana midomo asicheke. Siku moja aliweka randa chini akamwambia dada yake, "Kwenye televisheni mwanamume akikataliwa, watu wanacheka, halafu linakuja tangazo la sabuni. Sijaona hata siku moja wakimwonyesha akifika nyumbani."

"Kaka," Mwantumu alisema, "hayo ya upande wa ukutani uliyasema mara moja tu, na tulioyasikia ni wawili. Mimi nilikuwa naleta chai. Mwingine ni Hemedi."

Mbwana alijikung'uta vumbi la mbao. Kisha akatoka hadi mlangoni, akaapa mbele ya majirani. "Atakayenilipizia kisasi kwa Hemedi Nguzo, kitanda changu ni chake. Mimi sikihitaji tena." Alikitoa kitanda, na pamoja nacho alitoa matumaini yake ya kuoa. Msilisahau hilo mtakapokuwa mnahukumu.

Mwantumu alianza yeye, kwa sababu alikuwa na kitu alichokifungia moyoni miaka sita. Hemedi aliwahi kumtaka. Alikuja mwenyewe bila mshenga, akamkuta jikoni anakuna nazi, akapiga magoti, akaishika miguu ya mbuzi ya nazi, akalia. Mwantumu alimkataa, na akamwahidi kwamba aibu ile haitatoka jikoni. Sasa aliitoa. Aliirudia kwa Sefu neno kwa neno, pamoja na kwikwi, pamoja na ile "kimsingi" ambayo Hemedi hawezi kusema sentensi bila kuitia. "Nimevunja ahadi yangu," alisema. "Lakini yeye alianza kuvunja."

Sefu alipokea. Sefu ndiye aliyekuwa Kapera mwenyewe, mwigizaji, na mchezo ule ulikuwa umemharibia. Alipeleka posa Pongwe, bibi wa binti akauliza, "Si ndiye yule anayeongea na kitanda?" Barua ikarudi siku hiyo hiyo. Mwantumu alipomweleza kwamba Kapera ni mtu wa kweli na ana jina, Sefu alishikwa na hasira iliyopikwa siku nyingi. Alimfuata Hemedi siku tisa akijifunza namna anavyorekebisha miwani kwa kidole kidogo na namna anavyotembea bega moja mbele. Alijua kabisa kwamba siku akimwonyesha huyo mtu jukwaani, ajira yake imekwisha.

Mashavu alikuwa wa mwisho kujua, na ndiye aliyeumia kwa namna ya peke yake. Alikuwa analicheka lile neno la ukutani kwa mwaka mzima, na Hemedi alikuwa anamhimiza, "Hapo zidisha." Mwantumu alipomwambia, aliuliza jambo moja tu: "Anakisikia kicheko changu?" Akaambiwa anakisikia kila Ijumaa. Akasema, "Basi kitafanya kazi nyingine."

Siku ya kufunga msimu, mchezo ulirushwa moja kwa moja. Hemedi aliwaleta wakwe zake watarajiwa, akawakalisha safu ya mbele. Alikuwa amewaapia kwamba hajawahi kuposa kwingine na hakuna mwanamke aliyewahi kumkataa. Jambo hilo alijisifia hata mazoezini, mbele ya Sefu.

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Sefu aliingia, akamwaga soda, akajifuta kwa msasa. Mashavu kimya. Ukumbi kimya. Hemedi akamgeukia Mashavu kwa macho makali, Mashavu akatazama mbele kama yuko msibani. Dakika kumi nzima mchezo ulikufa mbele ya nchi nzima, na Hemedi alianza kutokwa na jasho la kweli.

Ndipo Sefu akatoa miwani mfukoni. Akaivaa, akairekebisha kwa kidole kidogo. Bega moja likaja mbele. Watu wakashtuka, kwa sababu Hemedi alikuwa wawili. Akapiga magoti mbele ya mbuzi ya nazi aliyokuja nayo jukwaani, akaishika miguu yake, akalia: "Kimsingi, dada, nakuomba. Kimsingi, hata ukiniweka niwe nalinda kuku wenu, mimi nitashukuru!"

Mashavu akaachia.

Jamani, kilikuwa kicheko cha mwaka mzima. Ukumbi ukamfuata, watu wakaanguka vitini, na aliyekuwa hacheki alikuwa mmoja, naye alisimama akipiga kelele, "Uongo! Kimsingi huo ni uongo!" Hapo ndipo alipojimaliza, maana hakuna aliyekuwa amemtaja jina. Mjomba wa binti alisimama taratibu, akavaa kofia yake, akamwambia, "Ulituapia, bwana." Wakatoka wote. Posa ilirudi kesho yake asubuhi, na hadi leo Hemedi akipita Ngamiani anaitwa Mlinzi wa Kuku. Mimi sitajifanya mtu mwema. Nilifurahi hadi mbavu zikaniuma, na nikikumbuka nafurahi tena.

Ila kiapo kilikuwa bado kipo. Wale watatu walikutana karakanani, mbele ya Mbwana na kitanda chake.

Mwantumu alisema, "Bila maneno yangu, Sefu angeigiza nini? Na ni mimi niliyevunja ahadi. Nimefanya kile kile alichofanya Hemedi, na dhambi hiyo nitaibeba mwenyewe."

Sefu alisema, "Maneno bila mtu wa kuyavaa ni umbea wa jikoni. Na kazi sina tena. Nalala sakafuni kwa binamu yangu."

Mashavu alisema, "Bila kicheko, mngeonekana watu wawili wenye chuki. Na mimi pia nimefukuzwa. Kitanda nakitaka." Akainama, akaligusa ua moja la asumini. "Ila mlango wa chumba changu ni mwembamba, hakitapita. Itabidi kibaki hapa hapa kilipo, nije mimi. Upande wa ukutani unanifaa. Mtu anayeamka alfajiri hanisumbui."

Akatabasamu. Mbwana akamtazama usoni, akatafuta kama anatukanwa au anaposwa, na hakujua. Sauti ile ile ilikuwa imemcheka Ijumaa hamsini. Akachukua msumeno ukutani.

"Nikikate vipande vitatu?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Thubutu!" wakasema wote watatu kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipowaacha, msumeno uko mkononi na kitanda kiko kizima. Kiapo ni kimoja, waliolipiza ni watatu, na mwenye kitanda hajui kama kisasi chake kimekwisha au bado anamdai mtu mmoja aliyemcheka. Ungekuwa wewe ndiye Mbwana, ungempa nani? Na wewe unayechekacheka huko nyuma, wewe ndiye utakayeanza kujibu.