Kindi Alivyogawa Diski

Nina kisa!
— Kilete tukione!
Kina mkia?
— Mrefu kuliko mwili!
Kina tumbo?
— Kubwa kuliko aibu!
Basi mkia ni wa Kindi, tumbo ni la Kiboko. Kaeni vizuri.

Hapo kale, ila si kale sana, Kindi na Kiboko walikaa nyumba moja ukingoni mwa mto. Kiboko alilala chini, Kindi alilala darini. Sebuleni palikuwa na kompyuta aliyoiacha bibi yake Kindi. Bibi huyo ndiye aliyeongoza nyimbo za msiba msitu mzima, na kabla hajafa aliziimba zote mbele ya mashine ile, zisije zikapotea naye.

Kiboko naye alikuwa na picha zake. Kiboko akipiga miayo. Kiboko topeni. Kiboko akipiga miayo topeni. Akaweka, akaweka, akaweka. Diski ikalia krr! krr! krr! Ikajaa. Kiboko akafuta nusu ya nyimbo za marehemu, akaweka miayo mingine.

"Mjomba! Umefuta sauti ya bibi!"

"Marehemu hana haja ya nafasi, mwanangu. Mimi ninayo."

Kindi akapanda darini, akalia. Matanga ya bibi yalikuwa hayajaanuliwa. Siku ya kuanua, wataimba nini? Akalia mpaka machozi yakakauka. Machozi yalipokauka, ikabaki hasira, na hasira ya mdogo haina pa kwenda isipokuwa kichwani.

Kulipokucha, akaazima flashi kwa Nungunungu, akahamishia humo nyimbo zilizosalia na picha za mjomba. Kisha akamwendea Kiboko.

"Mjomba, tuigawe diski, kila mtu na fungu lake. Tusimike mfumo huria wa kuendeshea mashine, ule uliofumwa na wanyama wa misitu yote, kila mmoja na uzi wake."

"Wa bure?"

"Wa bure."

"Sawa. Mila unaijua?"

"Naijua. Mdogo hugawa, mkubwa huchagua."

Mila hiyo aliitunga nani? Mkubwa. Waliulizwa wadogo? Haya, tuendelee.

Kindi akagawa. Tii! Fungu jembamba, la mashine kupumulia. Tii! Fungu dogo, akaliita Nyumbani. Tii! Fungu kubwa kama bwawa, na humo akausimika mfumo wenyewe.

"Hili kubwa ni la mfumo, mjomba. Chonde, usijaze vitu humu. Likijaa, mashine inakata roho. Na siku ya kusimika upya, linafagiwa lote. Chukua Nyumbani."

Kiboko akacheka, gho! gho! gho! "Mjanja wewe! Mimi chumba cha panya, wewe ukumbi? Nachukua kubwa."

"Lakini mjomba…"

"Mkubwa akishasema, mdogo hafafanui."

Kindi akainamisha kichwa. Hakusema uongo hata neno moja. Aliisema kweli kwa sauti ya mnyonge, maana alijua Kiboko hajawahi kuiamini sauti hiyo.

Akaziweka nyimbo Nyumbani, picha za mjomba kwenye fungu kubwa, akarudisha flashi ya watu.

Kiboko akaweka, akaweka, akaweka. Krr! krr! krr! Mpaka siku wakwe zake walipokuja kutoka bwawa la juu kutazama picha. Kiboko akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kioo cheusi, ti!

"Kindi! Ifufue, wakwe wako mlangoni!"

"Ni kusimika mfumo upya, mjomba. Lakini lile fungu la…"

"Simika!"

"Litafagiwa, mjomba. Umeweka nakala mahali?"

"Nakala ni za waoga! Nimekwambiaje? Mdogo hafafanui!"

Kindi akasimika. Fya! fya! fya! Kioo kikawaka, kisafi kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Picha zangu ziko wapi?"

"Zilikuwa kwenye fungu la mkubwa, mjomba."

Kiboko akaachama. Wakwe wakautazama mwayo ule, wakaaga.

Siku ya kuanua matanga, wanyama wakajaa uani. Kindi akafungua Nyumbani. Sauti ya bibi ikatoka, ileile, yenye kikohozi chake katikati ya ubeti. Wakaitikia. Ilipofika zamu ya wimbo uliofutwa, hakuna aliyeweka mwingine. Walikaa kimya kwa kadiri ya wimbo mmoja, ndipo wakaendelea. Nyimbo zilizofutwa zilikuwa nyingi, na kimya kikawa kingi. Kiboko alikuwepo, nyuma kabisa, majini hadi masikioni. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha.

Kisa kimekoma!
— Tumekishika!
Aliyelala?
— Akaazime sikio!

Na funzo lake, wanangu, ni hili: tuwaheshimu wakubwa. Wakitaka kuchagua kwanza, wachague. Wakitaka fungu kubwa, wapewe. Na wakitukataza kufafanua, jamani, tusifafanue.