Goti la Bundala na Ng'ombe wa Luhende

Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Jina lake Luhende. Mdogo wake, Machibya, naye alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, naye alikuwa na timu. Msidhani ndugu hawa walikuwa wanaupenda mchezo. Luhende mpaka anazeeka hakuelewa kwa nini watu wenye akili zao wanahangaika kutia mpira kwenye kapu lisilo na kitako. Ila waligombana zamani juu ya fahali aliyeachwa na marehemu baba yao, na fahali yule alipokufa ikabidi watafute kitu kingine cha kugombania.

Katika timu ya Luhende kulikuwa na mchezaji anaitwa Bundala. Ninyi mliokuwa mnabishana pale nje kabla ya ibada, juu ya yule mchezaji mzee mliyemsikia redioni, mmoja anasema anastahili mkataba mnono na mwingine anasema wanamtupia mali bure, tulieni sasa mnisikilize, kwa sababu Bundala alikuwa mtu wa namna hiyo. Enzi zake alikuwa akiruka, mtazamaji anapata nafasi ya kupiga funda la chai kabla hajashuka. Alimletea Luhende vikombe vingi, mpaka mke wa Luhende akawa anapimia unga kwa kimojawapo. Lakini kuruka kote kule kulitoka magotini, na magoti yakaisha. Asubuhi Bundala aliamka kwa awamu. Kwanza kichwa, halafu mabega, halafu anamwita mkewe, Minza, aje kumalizia kilichobaki.

Mkataba wake ulipokwisha akawa mtu huru, anaweza kwenda timu yoyote. Yeye hakutaka kwenda timu yoyote. Alitaka kiti. Alitaka kukaa pembeni ya uwanja, awafundishe vijana namna ya kuruka bila kujiumiza kama alivyojiumiza yeye, na kwa kazi hiyo apewe ng'ombe mmoja wa maziwa. Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake lote. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba siku moja ataingia uwanjani, ataanguka, na watu waliompigia makofi watamcheka. Kwa hiyo alivaa shati safi, akaenda kwa Luhende, akamwambia wazi, "Mzee, magoti yangu yamekwisha. Siwezi tena kuruka. Naomba kiti na ng'ombe mmoja."

Hapa lazima niwaeleze jambo kuhusu mnada wa ng'ombe, kwa ajili ya wale wanaokula nyama bila kujua inakotoka. Mnadani hakuna anayesema anachomaanisha. Mwenye ng'ombe akimsifia ng'ombe wake, mnunuzi anaondoka, anajua mnyama ana ugonjwa. Lakini mwenye ng'ombe akisema, "Huyu bwana mwache, ana kikohozi, tena mguu mmoja haufai," basi mnunuzi anapagawa. Anajua hilo ndilo dume la maana, na kwamba kuna mteja mwingine amejificha nyuma ya mti anasubiriwa. Luhende alikuwa amekulia katika maneno hayo tangu hajaota ndevu. Alikuwa hajawahi kuambiwa ukweli akiwa na kitu cha kununua.

Kwa hiyo Luhende alimsikiliza Bundala mpaka mwisho, akatabasamu kama mtu anayejua mambo, na moyoni akasema, "Machibya amekwisha kufika kwa huyu." Akamwambia Bundala aende nyumbani akapumzike. Kesho yake akatuma ng'ombe, si mmoja, ni kundi. Bundala akawarudisha na salamu kwamba magoti kweli hayafai, hata ngazi za kanisani anapanda kwa kushika ukuta. Luhende aliposikia habari ya ukuta alikosa usingizi. "Huyu," alimwambia mkewe, "hajawahi kuwa na thamani kama sasa."

Ng'ombe wanaokwenda na kurudi barabarani hawafichiki. Machibya akawaona. Machibya, nataka mjue, hakuwa amemfikiria Bundala hata mara moja. Lakini aliwaza kwamba kaka yake, bahili yule, mtu anayekamua ng'ombe mpaka ng'ombe anageuka kumtazama, hawezi kupeleka kundi zima kwa mtu asiye na maana. Akapeleka kundi lake, kubwa zaidi. Bundala akatoka nje, akapandisha suruali, akamwonyesha goti. Lilikuwa limevimba kama embe. Machibya aliliangalia kwa makini sana, akaligusa kwa kidole, halafu akaongeza madume. Alisema mtu anayejitahidi kiasi hicho kuonyesha ubovu lazima ameahidiwa kitu kikubwa mahali pengine.

Ikaendelea hivyo. Kila Bundala aliposema kweli, bei ikapanda. Aliposema hawezi kukimbia, wakaongeza mitamba. Aliposema daktari amemkataza, wakaongeza ndama. Siku moja akakasirika, akasema hataki kusikia tena habari ya mpira, na siku hiyo ndugu wale walikutana getini kwake, kila mmoja na kundi lake, ng'ombe wakachanganyika, wakala mahindi yote ya Minza. Msicheke sana. Wengine wenu mmewahi kuwatesa watu wanyofu namna hiyo hiyo, na wengine mmekaa humu mkiwa mmevaa tai.

Sasa nakuja mahali ambapo mimi mwenyewe naona uchungu. Bundala alikuwa mtu mkweli, lakini alikuwa mtu. Bei ilipokuwa ndogo alilijua goti lake vizuri. Bei ilipokuwa kubwa akaanza kulitilia shaka goti, si bei. Akawaza kwamba matajiri wawili hawawezi kukosea kwa pamoja. Akawaza labda ni baridi tu. Jioni moja akatoka uani, akatazama huku na huku, akaruka kugusa paa la jiko. Akaligusa. Akageuka na uso wa mtu aliyefufuka, akamkuta Minza amesimama na sufuria mkononi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, baba Nyanzobe," Minza akajibu. "Hata kuku wetu hufika hapo."

Hakumsikia. Maskini, ugonjwa wa wale ndugu ulikuwa umemwingia na yeye. Alidhani mkewe naye anapunguza thamani kwa makusudi. Asubuhi akamrudishia Machibya kundi lake, akaenda kwa Luhende, aliyefika bei ya juu zaidi, kutia sahihi. Mkataba uliandikwa kwa ng'ombe, maana Luhende hakuamini kitu kingine. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba zizi la Bundala halikutosha, ikabidi ng'ombe wengine walale kwa majirani, na majirani wakaanza kumwita mheshimiwa. Kile kiti alichokiomba hakikutajwa popote. Mtu wa bei ile hakai kwenye kiti.

Ikafika siku ya kucheza na timu ya Machibya. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukutani. Luhende alikaa mbele chini ya mwavuli, na kwa mara ya kwanza aliuliza kapu lao ni lipi. Vijana wenye magoti mazima waliwekwa benchi, kwa sababu ng'ombe wote wale haiwezekani wakae benchi. Mwamuzi akapiga filimbi, akarusha mpira juu. Bundala akaupigia mahesabu kama zamani. Akakunja magoti, akanyanyua mikono, akatoa uso ule ambao watu wote waliukumbuka. Kila kitu kilipanda isipokuwa miguu. Mpira ukachukuliwa na mtu wa Machibya, Bundala akakaa chini, si kwa kuanguka, alikaa taratibu kama mtu aliyeletewa chakula, na hakuweza kuinuka.

Kwanza watu walinyoosha shingo kumtazama. Kisha mmoja akacheka, kisha wote. Na walipochoka kucheka wakaanza kupiga kelele kwamba ni mwizi. Walewale waliowahi kubeba jina lake mabegani walimwita mwizi mbele ya mkewe. Yule mtu aliyesema kweli kwa Luhende, getini kwake, na kwa goti lililo wazi, ndiye aliyeitwa mwongo, na wale ndugu wawili walioidharau kweli yake hakuna aliyewagusa. Machibya alikuja kushinda mchezo ule, lakini hata hivyo alirudi nyumbani na hasira. Alikuwa anajiuliza kaka yake amejua nini juu ya Bundala ambacho yeye bado hajakijua.

Bundala akiwa bado hajainuka, Luhende aliingia uwanjani na mwavuli wake. Akasimama mbele ya Bundala. "Umeniuzia goti bovu," akasema. "Umenilia ng'ombe wangu."

Bundala akamtazama kutoka pale chini. Hakukasirika. "Mzee," akasema, "mimi nilikutajia goti, wewe ukasikia ng'ombe. Kosa langu ni kwamba mwishoni hata mimi nikasikia ng'ombe."

Kisha Minza akamwinua, naye akamwambia Luhende waende pamoja nyumbani kwake. Akafungua zizi. Akaenda kwa majirani mmoja mmoja, wale waliomwita mheshimiwa, akachukua ng'ombe waliolala kwao. Akawapanga barabarani wote wa Luhende, bila kupungua hata ndama. Akasema, "Wachukue. Niachie mmoja wa maziwa, na kile kiti nilichokuomba siku ya kwanza." Luhende akakubali haraka, kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili mawazo. Bundala na Minza wakamsindikiza mpaka zizini kwake, wakapeana mikono, wakaondoka, Minza ameshika kamba ya ng'ombe wa maziwa, na Bundala anachechemea nyuma yake akiwa mwepesi kuliko alivyokuwa kwa siku nyingi. Nasema mwepesi wa moyo. Goti lilikuwa palepale.

Luhende akawaingiza ng'ombe wake, akawahesabu. Wametimia. Akafunga zizi, akajifuta jasho. Alikuwa amekwisha kushika mlango wa nyumba yake aingie kula, akasita. Katika maisha yake yote hajawahi kuona mtu anarudisha ng'ombe kwa hiari. Akafikiri. Akafikiri tena. Mtu anayeachia kundi zima, akabaki na mmoja, tena akaondoka anatabasamu, huyo mtu anakwenda wapi? Ameahidiwa nini, na nani?

"Machibya," Luhende akasema, peke yake, pale mlangoni.

Akarudi zizini. Akalifungulia lile dume lake kubwa, lile ambalo hakuwahi kulipeleka mnadani kwa kulipenda, akalifunga kamba, akalisindikiza na mitamba wawili walionona, akatoka mbio kuwafuata. Hakupata shida kumwona Bundala, maana anayechechemea hafiki mbali. Alikuwa mbele yake kabisa, jua likimwangaza vizuri, anaburuta mguu. Luhende aliuona ule mguu. Njia nzima aliutazama, na njia nzima aliendelea kupandisha bei moyoni.

Minza akasikia kwato nyuma yao. Akaendelea kuvuta kamba, yake alikwisha sema siku ile ya paa la jiko. Bundala naye akazisikia. Akapunguza mwendo, ingawa hakuwa na mwendo mwingi wa kupunguza. Mbele yake ipo njia ya nyumbani, na kule uwanjani kipo kiti, na wapo vijana wanaomngoja awafundishe kuruka. Nyuma yake kuna dume ambalo wilaya nzima inalifahamu, na mtu anayemwita, "Kijana wangu, subiri, hatujamaliza mazungumzo."

Mfano wangu unaishia hapo barabarani. Kwa hiyo msiniulize tena kama yule mzee wa redioni anastahili mali waliyompa, kwa sababu bei anaitaja mnunuzi, na mnunuzi ana wazimu wake. Nataka mnijibu jambo lingine kabla hatujatoka humu ndani. Ingekuwa ni wewe uliye pale njiani, na goti ni lako, na unalijua, ungegeuka?