Lori Lililozibwa Pua

Zena aliyaona majani kwanza. Matawi ya mkorosho yaliyofungwa ubavuni mwa lori yalikuwa bado mabichi, lakini yale ya usoni yalikuwa yameiva na kulegea kama kisamvu kilichoepuliwa sasa hivi. Aliyatazama, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo iliyokuwa desturi yake.

Lori la kijiji lilikuwa limetoka Mzenga alfajiri, na sasa, saa nne, lilisimama kwa mara ya tatu kabla hata ya kufika Mlandizi, likifoka mvuke kama birika. Lilibeba vijana saba waliochaguliwa kwenda chuo cha wakulima Kibaha. Uandikishaji ungefungwa saa sita mchana; asiyekuwapo, nafasi yake hupewa mwingine. Kwa Zena, msichana wa miaka kumi na minane, siku nyingine isingekuwapo, maana baba yake alikubali mara moja tu, tena kwa shingo upande. Lakini kijiji kilijaa furaha hata kikalipamba lori kama bibi harusi: matawi pande zote, na usoni, juu ya matawi hayo, kitambaa kipana kilichoacha ncha za majani tu zikichungulia, kimeandikwa ELIMU HAINA MWISHO.

Dereva, Melkiori, alikuwa na vyeti viwili vya ufundi na kinywa kisichochoka. Kila liliposimama alijaza maji, na kila baada ya maili chache yalichemka tena.

"Njooni niwafundishe bure," alisema akipekua spana zake. "Maji huzunguka ndani ya injini yakibeba joto. Yakifika kwenye rejeta, hapa mbele, hupita katika vijibomba vyembamba, upepo ukayapuliza, yakapoa. Kisha pampu huyarudisha kazini. Sasa, maji yapo. Mkanda wa feni umekaza. Rejeta haivuji. Basi mchawi ni pampu! Naifungua."

"Ukiifungua tutafika lini, baba?" aliuliza Bi Mwanamvua, mama mtu mzima aliyewasindikiza vijana.

"Labda kesho, mama."

"Kesho!" alidakia Mwishehe, kijana mcheshi kuliko wenzake. "Basi turudini tukalime mihogo. Jembe halina rejeta."

Wote wakaangua kicheko isipokuwa Zena. Spana ilikwisha kushika nati. Zena akasogea mbele.

"Samahani, fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Huo upepo unapitia wapi?"

"Binti, nimekwisha kusema, unapitia hapa!" Melkiori alinyoosha kidole kwa kishindo. Kidole kikagota kwenye kitambaa.

Melkiori aliinua kitambaa, akayaona yale matawi yaliyoshonana, na majani yaliyoiva.

"Lo!" akasema Mwishehe. "Tumemziba pua bibi harusi!"

Walikata kamba, wakatupa matawi na kukunja kitambaa. Melkiori alisubiri injini ipoe, asije akapasua chuma cha moto kwa maji baridi, kisha akajaza na kuwasha. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo. Walipita Mlandizi bila kusimama, na wakaingia Kibaha ikiwa saa sita kasoro robo.

"Umesoma hadi darasa la ngapi?" karani alimwuliza Zena.

Hilo ndilo swali alilolikwepa miaka yote kwa kuinamisha kichwa. Leo aliinua uso.

"La nne, na sikulimaliza," alisema, wote wakisikia. "Nilitolewa nikamlee mdogo wangu. Sikupenda kutoka, na hadi leo naililia shule."

Karani akaandika jina lake. Nyuma ya Zena, Melkiori, mwenye vyeti viwili, alivua kofia, akakiri kwa kinywa chake yale waliyoyasema wahenga: akili nyingi huondoa maarifa.