Picha Mbili za Mdudu Mmoja

Wahenga waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, hawakuwa wakitufundisha usafi wa kichwa. Walimaanisha kuwa binadamu, awe hodari namna gani, kuna jambo litakalomshinda akiwa peke yake, na ambalo angelimaliza kwa urahisi lau angenyoosha mkono kwa mwenzake. Wengi wetu tuliikariri methali hii shuleni tukapata alama zetu. Wachache wameijua kwa gharama, na mmoja wao ni mpigapicha ambaye watu walimwita Marangi.

Marangi na kaka yake walirithi studio ya baba yao, chumba kirefu chenye dirisha pana upande wa barabarani. Kazi iliyowapa sifa ilikuwa kupiga picha za wadudu, hasa wale wadogo ambao mtu huwakanyaga bila kujua. Kwa lenzi zao, sisimizi alionekana mnene kama ng'ombe, na jicho la nzi likawa kama kapu lililosukwa na fundi. Kaka alipiga picha nyeusi na nyeupe tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na angeweza kushinda kutwa akiisogeza taa kidogo kidogo hadi kila unywele wa mguu wa nyuki usimame peke yake. Ndiyo maana wakamwita Kivuli. Dada yake naye aliamini kwamba mdudu aliyenyimwa rangi zake ni sawa na bibi harusi aliyevishwa gunia.

Kwa miaka mingi walikuwa chanda na pete. Kisha jumba la makumbusho likaagiza picha moja kubwa ya kutundika mlangoni, na hapo nyongo ikaingia. Kila mmoja alitaka yake ndiyo iende. Kivuli alisema rangi humlevya mtazamaji hata asilione umbo la kitu. Marangi akamjibu mbele ya wateja kwamba picha zake zinafaa kutangazia misiba. Wateja walicheka. Kesho yake Kivuli alileta fundi, wakaigawa studio katikati kwa ukuta wa plaiwudi. Tangu siku hiyo ndugu wa tumbo moja walisikilizana kikohozi bila kupeana pole, na mteja aliyekosea mlango hakuelekezwa wa pili.

Marangi alikuwa mjane mwenye binti mmoja, mboni ya jicho lake, ambaye kwa wingi wa maneno yake, wote walimwita Kasuku. Binti huyo alisoma shule ya bweni nje kidogo ya mji. Mvua zilipoanza, Marangi aliitwa shuleni akamkuta mwanawe amevimba jicho la kushoto, na shingoni ana baka jekundu lililomenyeka kana kwamba amemwagiwa uji wa moto. Wenzake kadhaa walikuwa na mabaka kama hayo, na baadhi yao walivimba macho. Mlezi wa bweni alilaumu magodoro, wapishi wakalaumu sabuni, na wengine wakanong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu. Daktari aliandika dawa ya kuua viini. Dawa ilitumika, jicho likazidi kuvimba.

Marangi, ambaye macho yake yalizoea kutafuta vidogo, aliona wadudu wembamba wakitambaa ukutani karibu na taa za bweni. Shingo zao zilikuwa nyekundu, na migongo iling'aa kama buluu ya wino. Alipomwonyesha mkuu wa shule, mkuu hakungoja ushahidi. Aliwaamuru wanafunzi wamponde kila wanayemwona. Marangi alimtia mmoja katika chupa, akarudi mbio studio, akampiga picha na kuzituma kwa mtaalamu wa wadudu aliyeishi mji wa mbali.

Jibu lilikuwa la upole lakini halikumfaa. Mtaalamu alisema rangi zimetoka vizuri mno, ila mng'ao umeufunika mgongo na vipapasio, na wadudu wenye rangi hizo wako wa aina mbili. Mmoja hana neno. Wa pili ni hatari. Bila kuliona umbo sawasawa, hawezi kusema ni yupi. Marangi alipiga tena, akabadili taa, akatuma. Jibu likawa lile lile. Alijua fika kwamba nyuma ya plaiwudi yuko mtu ambaye kazi hiyo kwake ni kama kunywa maji. Mara mbili alifika hadi mlango wa kaka yake, na mara zote mbili aliyakumbuka yale maneno ya misiba, aibu ikamshika miguu, akageuka. Alijidanganya kwamba kesho atafaulu mwenyewe. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Hatimaye Kasuku alilazwa hospitalini, jicho la kulia nalo limevimba, na daktari akamwita Marangi pembeni akamwambia hawezi kuendelea kutibu kwa kubahatisha. Lazima ajue ni nini kilichomgusa mtoto. Marangi alirudi wodini. Jua la saa sita lilikuwa limejaa kitandani, na Kasuku, ambaye siku hizo alinyamaza hata akawatisha manesi, aligeuza uso kuelekea kwake.

"Mama," aliuliza, "mbona leo giza limeingia mapema?"

Marangi alimshika mkono hadi akalala, kisha akatoka, na safari hii hakuukwepa mlango.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Kivuli bila kuinua kichwa. Mezani pake palikuwa na picha kubwa, nyeusi na nyeupe. Mdudu alikuwa yule yule. Kila pingili ya kipapasio ilihesabika, na mabawa yake mafupi yalionekana yameishia katikati ya mgongo kama koti la mtu aliyerefuka ghafla.

Marangi aliitazama picha, akamtazama kaka yake. Kivuli akaeleza kwa sauti ya chini kwamba habari za mpwa wake zilimfikia, akaenda shuleni kimyakimya akamchukua mdudu, lakini picha hakuzituma popote. Mtaalamu angeuliza rangi, naye asingekuwa na jibu.

"Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja, tangu utotoni," alisema. "Baba alijua. Wewe sikuweza kukuambia, na baada ya kile kicheko ndiyo kabisa."

"Kwa nini hukuniuliza mimi rangi?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza umbo?"

Waliiweka chupa ya Marangi juu ya barafu ili mdudu apoe na kutulia, wakamweka mbele ya kamera zote mbili, ili picha zote ziwe za mdudu mmoja. Kivuli alishika taa, Marangi akamtajia rangi. Picha zote mbili zilitumwa kwa pamoja, na kabla chai waliyoisahau haijapoa, mtaalamu alikuwa amejibu. Kwa rangi pekee wadudu walioshukiwa walikuwa wawili, kwa umbo pekee walikuwa wawili. Kwa vyote viwili amebaki mmoja. Mdudu huyo haumi wala hadungi. Sumu yake imo mwilini, na humchoma yule anayemponda juu ya ngozi; mkono uliomponda ukigusa jicho, hulichoma pia. Apeperushwe, asipondwe, na palipoguswa paoshwe kwa maji na sabuni. Kumbe amri ya mkuu wa shule ilikuwa kutia kuni motoni.

Siku hiyo hiyo daktari alibadili matibabu, na amri ya kuponda ikafutwa. Picha mbili za mdudu mmoja zilibandikwa bega kwa bega katika kila bweni, na mabaka yakakoma. Macho ya wanafunzi wengine yalipona. La kulia la Kasuku lilipona pia, na la kushoto likapata nafuu, lakini lilibaki na chamba cheupe, na kwa jicho hilo huona kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha lenye mvuke. Daktari, alipobanwa, alikiri kwamba lingeoshwa na kutibiwa ipasavyo mapema kidogo, huenda lingepona kabisa.

Kasuku amerudi kusema kama zamani. Mama yake humsikiliza, hucheka naye, na kila anapomwita kutoka upande wa kushoto, binti huyo hulazimika kugeuza kichwa chote ili amwone. Marangi hamlaumu mdudu, wala mkuu wa shule, wala daktari. Hukumbuka tu zile siku alizozipoteza akijaribu peke yake, na kaka yake, hatua chache kutoka alipo, akijaribu peke yake. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.