Kisima cha Liwali Mahfudhi

Hapo zamani, maliwali walipokuwa wakipenda sifa kuliko maji (nami sina hakika kama wameacha), Liwali Mahfudhi aliutawala mji wa Mzambarauni. Mji ule ulikuwa na kiu. Sultani wa nchi ya mbali akawahurumia Waislamu wenzake, akaleta msaada wachimbiwe kisima karibu na msikiti.

Basi Liwali akajenga kuba la buluu, akanakshi marumaru, na jina lake akaliandika pande zote. Kufika kwenye kuchimba, msaada umekwisha! Shimo likaishia kwenye vumbi kavu, na wanawake wakaendelea kuteka maji bondeni, mwendo wa asubuhi nzima.

Ikawa habari zikaja kwamba mjumbe wa Sultani, Sheikh Nuhu, yuaja kukitazama kisima. Liwali akamwita Pandu, fukara mcheshi aliyedhaniwa punguani, ili jambo likiharibika lawama imwangukie mjinga.

"Pandu, mgeni atatawadha kwa kitakachotoka kisimani. Namna gani, shauri lako. Na ole wako useme hakina maji! Ukilitamka neno hilo, wewe na mkeo mtauhama mji huu."

"Nimesikia, bwana wangu."

Mkewe, Mwatima, aliposikia akalia. "Tutakwenda wapi sisi?"

"Nyamaza, mke wangu. Amenikataza ulimi, hakunikataza mikono."

Adhuhuri Sheikh akafika, akalisifu kuba, akakunja mikono ya kanzu. Pandu akatumbukiza ndoo, akaivuta, akaiweka mbele ya mgeni kwa adabu. Sheikh akatia mkono, ukatoka na vumbi.

"Ewe bwana, nini hiki?"

"Udhu wako, Sheikh. Vumbi safi, halijakanyagwa na mtu. Nimeamriwa nikupe kitokacho kisimani, nami mji huu naupenda."

Sheikh akafahamu, kwani mtu hutayamamu kwa vumbi pale maji yanapokosekana. Akapiga viganja, akapaka uso na mikono, akaenda kuswali. Liwali akamfuata huku jasho likimtiririka, nayo ndiyo maji ya kwanza kuonekana pale kisimani.

Baada ya sala Sheikh akacheka hata kilemba kikamlegea. "Kisima kizuri hiki, Liwali! Tangu leo nyumba yako isinywe maji ila ya hapa. Nami nitakaa kwako, nione mnavyoyafaidi."

Basi kabla ya alasiri Liwali alikuwa shimoni mwenyewe, kanzu kaifunga kiunoni, anachimba. Mwatima na wenziwe wakaketi na mitungi yao kivulini, chini ya lile kuba la buluu, na Pandu akawa anavuta ndoo za udongo, akichungulia na kusema kwa upole, "Bado, bwana wangu. Bado kidogo."