Vyombo Vitano vya Uani kwa Bi Kilua

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye neno alimeze kwanza. Siwaletei majini leo, wala wafalme. Nawaletea watu wanne wa pembezoni mwa Korogwe, kule yanakoanzia mashamba ya mkonge, na vitu vitano vizito walivyoviweka uani.

Wa kwanza ni Stambuli Mntangi. Yeye alijaliwa nguvu. Kiwandani robota la mkonge hubebwa na watu wawili, tena wakihema. Stambuli alilibeba peke yake huku akipiga soga.

Wa pili ni Mashavu, dada yake wa tumbo moja. Yeye alijaliwa jicho. Kazi yake ilikuwa hospitalini, kuwafanyisha mazoezi watu waliovunjika na waliopooza mpaka wasimame tena. Alikutazama ukiingia mlangoni, akajua goti lipi linakuuma kabla hujaketi.

Wa tatu ni Semboja, fundi wa kuchomelea. Yeye alijaliwa mikono. Mwambie unataka kitu ambacho hajawahi kukiona, chora hata kwa kidole mchangani, kesho yake utakikuta kimesimama.

Wa nne ni Bi Kilua, mjane, aliyekuwa mtunza stoo wa shamba la mkonge kwa miaka thelathini. Yeye alijaliwa kutoa. Siku aliyostaafu, uongozi ulimwambia achague anachotaka kwenye vyuma chakavu kiwe zawadi yake ya kuagwa. Akachagua tairi la trekta, vipande vya reli za troli zilizokuwa zikisomba mkonge, na mabomba manene ya maji. Watu walimcheka. Akavipanga uani kwake, nyuma ya migomba, vikakaa.

Sasa, ikatangazwa kwamba baada ya mwaka na zaidi, Tanga mjini kutakuwa na shindano la kumtafuta mtu mwenye nguvu kuliko wote wa kanda nzima. Stambuli alipolisikia hakulala usingizi wa maana wiki nzima. Akaenda uani kwa Bi Kilua, alikokuwa akipenda kupumzika jioni akitoka kazini, akawakuta Mashavu na Semboja wanakunywa chai. Akatoa simu.

"Dada, tazama. Wenzetu wa nje wana vyombo hivi. Nimeandika ishirini na viwili. Bila hivi siendi popote."

Mashavu akaisoma ile orodha polepole. "Hiki cha nini?"

"Cha kifua."

"Na hiki?"

"Cha kifua pia."

"Na hii mashine yenye kamba?"

"Hiyo ipo dukani Tanga, nimeiona kwa macho yangu, inang'aa! Nayo ni ya kifua."

"Stambuli, unataka kubeba mzigo au unataka kifua cha kupigia picha?"

Semboja alicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini Mashavu hakuwa anatania. Kwa wiki tatu alimfuata mdogo wake kama anavyofuata wagonjwa wake. Alimtazama akinyanyua ndoo, akipanda ngazi, akibeba robota. Akagundua kwamba mgongo wake ni wa chuma, lakini vidole vinaachia mapema, na nyonga ya kushoto ina uvivu. Ndipo akaichukua ile orodha, akakata, akakata, mpaka vikabaki vyombo vitano. Tairi la kupindua, kwa ajili ya nyonga. Mabomba mawili yenye vishikio, ya kubeba mkono huu na mkono huu huku unatembea, kwa ajili ya vidole. Gogo la chuma la kusukuma juu ya kichwa. Fremu ya kubeba mabegani. Na mipira ya zege, ya kukumbatia na kuinua, kwa ajili ya kuufundisha mgongo adabu.

"Na mashine yangu?" Stambuli akauliza.

"Mashine ile inakushika usianguke. Kule shindanoni hakuna kitakachokushika."

Kuchagua kukawa kwa Mashavu. Kutengeneza kukawa kwa Semboja.

Semboja aliacha mageti ya watu yakimngoja karakanani. Gogo la chuma lilimtesa kuliko vyote: vishikio vinakaa ndani ya bomba, na vikipinda kidogo tu vinavunja viganja. Alilikata na kulichomelea upya mara nne. Mara ya tatu macho yalivimba kwa mwanga wa moto, akakaa siku mbili gizani amejifunga kitambaa chenye maji baridi. Siku ya tatu akarudi kazini. Reli za troli akazigeuza fremu, na kila chombo akakitengenezea namna ya kuongezewa uzito kidogo kidogo, kama Mashavu alivyotaka. Vipimo vyote akaviandika kwenye daftari.

Na Bi Kilua? Tairi ni lake, reli ni zake, mabomba ni yake. Ua ni wake. Alikata migomba saba iliyokuwa inazaa ili Stambuli apate njia ndefu ya kutembea na mzigo. Ilipofika zamu ya mipira ya zege, saruji ikakosekana. Bi Kilua akaingia ndani, akatoka na mifuko miwili aliyoiweka kwa ajili ya kujengea kaburi la mumewe.

"Mama, hiyo hapana," Semboja akasema.

"Chukua. Marehemu hana haraka."

Basi wakawa na jimu yao, uani, chini ya anga. Mwaka mzima Stambuli alifanya mazoezi pale kila alfajiri, Mashavu amesimama na saa, Semboja anakaza nati iliyolegea, Bi Kilua anakoroga uji. Na nataka mlishike neno hili: mwaka mzima ule, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema "changu."

Mwezi mmoja kabla ya shindano, tajiri mmoja wa Tanga aitwaye Fumbwe, mwenye jimu kubwa ya vioo, akasikia sifa za Stambuli, akamwita akakae kwake ajiandae. Stambuli akasitasita. Ni Mashavu aliyemsukuma: "Nenda. Ukazoee kufanya mazoezi mbele ya watu." Semboja naye akampa daftari la vipimo, wakihitaji kumtengenezea chombo huko wasikosee. Wakamsindikiza kwa dua.

Siku ya shindano wote watatu walikwenda. Waliketi safu ya tatu, Bi Kilua amevaa kanga mpya. Stambuli alipindua tairi kama anageuza chapati. Alitembea na mizigo mikononi na vidole havikuachia. Gogo lilipanda juu ya kichwa chake, likatulia. Uwanja ukalipuka. Ameshinda!

Mtangazaji akampa kipaza sauti. "Bingwa, watu wanataka kujua. Nani amekufikisha hapa?"

Stambuli akafuta jasho. "Kwanza namshukuru Mungu. Pili namshukuru Bwana Fumbwe."

Bi Kilua, ambaye masikio yake yalishaanza kuchoka, akamgusa Mashavu. "Ametutaja?"

"Bado, Bi Kilua."

"Na vile vyombo tunavyosikia unafanyia mazoezi?" mtangazaji akauliza.

"Nimevibuni mwenyewe, kwa maelekezo ya Bwana Fumbwe. Vipimo vyake vyote ninavyo, vimeandikwa."

"Ametutaja sasa?"

Mashavu akatazama mbele. "Bado."

Watu wakaanza kutoka uwanjani. Bi Kilua alibaki ameketi, mikono mapajani, anatazama jukwaa ambalo halikuwa na mtu tena. Nadhani alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.

Lakini moyo wa mtu aliyezoea kutoa una ukaidi wake. Bi Kilua alijiambia kijana alichanganywa na kelele, atakuja. Na kweli, siku ya nne akaja. Mashavu yuko hospitalini, Semboja ana kazi Mombo. Lori likasimama getini, Stambuli akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bingwa wangu! Nilijua utakuja."

"Nimekuja kuvichukua vyombo, mama. Tunakwenda kuvipaka rangi. Kutakuwa na sherehe, nanyi nyote mtaitwa."

Bi Kilua akafungua geti kwa mkono wake. Akawapa chai na maandazi vijana waliopakia. Mipira ya zege ilipowashinda, Stambuli mwenyewe aliibeba, mmoja mmoja, ameikumbatia kama alivyofundishwa. Alipomaliza aliaga kwa haraka, na chai yake ikabaki mezani.

Hakukuwa na rangi, wala sherehe. Baada ya wiki mbili Semboja alipita Tanga, akaviona vyombo vyote vitano nyuma ya vioo vya Fumbwe, na juu yake kibao kikubwa: Vyombo vya Bingwa. Stambuli alikuwa ametia sahihi kwamba ni mali yake, na kwamba amevitoa kwa jimu ile. Yeye mwenyewe kapewa chumba, kazi, na picha yake ukutani.

Mashavu akaenda. Akamkuta mdogo wake mlangoni.

"Stambuli, umefanya nini?"

"Dada, tusigombane. Nguvu ni zangu. Hata kwa mawe ya mtoni ningeshinda."

"Basi turudishie vyombo, ubaki na mawe ya mtoni."

"Nimeshatia sahihi."

"Bi Kilua alitoa saruji ya kaburi."

Stambuli akatazama viatu vyake. "Nimeshatia sahihi," akasema tena, akaingia ndani. Mlango wa vioo ukajifunga, na Mashavu akabaki anaitazama sura yake mwenyewe.

Shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kaoneka, mtu mpole asiyependa kelele. Akaita mashahidi. Wazee wa shamba la mkonge wakazitambua reli na mabomba kwa mihuri ya shamba. Daftari likadaiwa na likapatikana, mwandiko wa Semboja kila ukurasa. Fumbwe alipoona jina lake linaanza kutajwa vibaya mjini, hakungoja zaidi. Akapakia vyombo kwenye lori, vikashushwa mbele ya ofisi ya mtaa. Stambuli hakuja. Hakutuma hata salamu.

"Basi," mwenyekiti akasema, "haki imerudi. Chukueni vyombo vyenu."

Hakuna aliyesogea.

"Vinakwenda wapi?" Semboja akauliza.

"Si uani kwangu?" akasema Bi Kilua.

"Uani kwako ndiko vilikochukuliwa, mama. Ulifungua geti kwa mkono wako."

Bi Kilua akapigwa na neno lile kama kofi. "Nilifungua, ndiyo. Na daftari nilimpa mimi? Angejuaje kuyasema mbele ya watu yale ya vipimo, kama si wewe?"

"Daftari nilimpa kwa sababu alikuwa anakwenda. Nani alimwambia aende?" Wote wawili wakamgeukia Mashavu.

"Semeni tu," Mashavu akasema. "Semeni ni damu yangu. Mmekuwa mkilitafuna neno hilo tangu Tanga."

Mwenyekiti akainua mkono, wakanyamaza. "Mnaonaje mkigawana?"

"Haviwezi kugawanywa," Mashavu akajibu. "Nilivichagua vifundishe mwili mmoja. Ukitenganisha, tairi ni tairi, na bomba ni bomba. Bila jicho langu vingekuwa takataka. Nipeni mimi, niviweke hospitalini. Nina watu kule wanaojifunza kusimama upya."

"Na bila mikono yangu vingekuwa maneno," Semboja akasema. "Nilikaa gizani siku mbili kwa ajili ya gogo lile. Nipeni mimi, vikae karakanani, watu wajue nani alivitengeneza. Jina langu lilifutwa mbele ya uwanja mzima."

Bi Kilua akasema wa mwisho. "Mimi sina cha kuvifanyia. Sibebi, sichomelei. Lakini bila mimi mngechagua nini, mngechomelea nini? Migomba nilikata. Kaburi la mume wangu mpaka leo ni udongo mtupu. Nataka virudi uani, nikiamka nione pamejaa. Basi."

Mwenyekiti akafikiri. "Kwa nini msivirudishe uani, vikawa vyenu wote watatu, kama zamani?"

Hapo, wasikilizaji wangu, kila mmoja alitazama upande wake. Semboja alitazama barabara. Mashavu alitazama mikono yake. Ni Bi Kilua aliyejibu, tena kwa sauti ya chini.

"Zamani hatukuwa na haja ya kuulizana vya nani. Tulikuwa wanne, tunaaminiana. Sasa nikimwona yeyote anakaribia geti langu, nitajiuliza amekuja kuchukua nini. Siwezi kuishi hivyo, mwenyekiti. Mpe mmoja. Hata kama si mimi, mpe mmoja."

Wenzake hawakumpinga.

Mwenyekiti Kaoneka akavuta karatasi. Akaandika tarehe, akaandika orodha: tairi, mabomba mawili, gogo, fremu, mipira ya zege. Chini yake akaandika, "Mwenye mali ni," kisha kalamu yake ikasimama.

Mimi nimeigeuza hadithi hii huku na huku, na kila ninapompa mmoja naona nyuso za wale wawili. Mashavu alichagua, na ndiye aliyemtuma Tanga. Semboja alitengeneza, na ndiye aliyetoa daftari. Bi Kilua alitoa kila kitu, na ndiye aliyefungua geti. Mpaka leo nimeshindwa.

Karatasi sasa iko mbele yako, na kalamu ni yako. Je, wewe ungeamua vipi? Ungeandika jina la nani?